Walinzi wa Utumbo

Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda juu ya milima ya Rwanda, watoto wa Goma wamekwisha kufika ufukoni Kituku na bidoni zao za manjano. Huingia majini hata magotini, hujaza, kisha hupanda njia ya mawe meusi wakiinama kwa uzito. Kwa miaka mingi wamewekwa watu katika pwani za namna hiyo, kila mmoja na bomba dogo la kupimia dawa, wakitia klori katika bidoni inapopita. Ziwa Kivu ni zuri kwa kutazama. Lakini maji yake hunywewa na mji uliojengwa juu ya mawe ya volkeno, ambako kuchimba kisima ni taabu na kuchimba choo ni taabu vile vile.

Wazazi wengi wametuuliza maswali mawili, nasi twaona yafaa kujibiwa pamoja. La kwanza: katika nyumba moja, maji yale yale na chungu kile kile, kwa nini mtu mmoja hupatwa na kipindupindu akawa mahututi kabla ya jioni, mwingine huhara kidogo tu, na wa tatu hana neno? La pili: chanjo ya surua huchomwa kwa sindano, na ya kifua kikuu vile vile, kwa nini basi chanjo ya kipindupindu hunywewa kama maji? Maswali haya mawili yana jibu moja, nalo limo ndani ya matumbo yetu. Mabingwa wa elimu ya tiba wamelitafuta kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, na sehemu moja ya jibu hilo imepatikana hapa kwetu Kivu.

MISIBA MIWILI YA MWAKA 1994

Wazee wa Goma hawahitaji kukumbushwa mwezi wa Julai 1994. Baada ya mauaji ya kimbari na vita vya Rwanda, kati ya tarehe 14 na 18 ya mwezi ule, watu walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Wengine walikadiria 500,000, wengine 800,000. Waliketi mahali popote palipopatikana: barabarani, katika viwanja vya makanisa na vya shule, kisha katika makambi ya Kibumba, Katale na Mugunga. Kibumba hapakuwa na maji hata kidogo. Yaliletwa kwa malori. Tarehe 20 kipindupindu kilitambuliwa. Katika mwezi wa kwanza wakimbizi wapatao 50,000 walikufa, na waganga walioandika habari ya msiba huo katika jarida la The Lancet mwaka 1995 walionyesha kwamba sehemu iliyo kubwa kabisa ya vifo hivyo ilitokana na magonjwa ya kuhara. Maiti zililazwa kando ya njia zimefungwa katika mikeka, maana ardhi haikukubali jembe. Makaburi yalichimbwa kwa mashine za askari wa Ufaransa.

Lakini jambo lisilokumbukwa na wengi ni kwamba misiba ilikuwa miwili. Kipindupindu kilipoanza kupungua, mwezi wa Agosti, ulifuata ugonjwa wa kuhara damu. Kwa mtu aliyekuwa akizika ndugu zake, yote yalikuwa tumbo tu. Kwa mganga, hayo yalikuwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo, na tofauti yao ndiyo mlango wa kuingilia katika habari yetu.

Utumbo wa mtu ni mrija mrefu, lakini si mrija mtupu kama bomba la bustani. Ndani umefunikwa na ngozi nyororo iliyojaa vidole vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na juu ya kila kidole zimepangwa chembe hai kwa safu moja tu. Twasema tena: safu moja. Upande huu wa safu ni uji, mboga, uchafu na vijidudu visivyohesabika. Upande ule ni damu yetu. Ukuta wa nyumba maskini kabisa ni mnene kuliko huo. Na ukuta huo hauwezi kujengwa kwa saruji, kwa sababu lazima upitishe chakula na maji kila saa, huku ukimzuia adui. Mwenyezi Mungu aliyeuumba aliuwekea walinzi, na habari yao inakuja.

Basi, vitabu vya uganga vilifundisha kwa miaka mingi kwamba kipindupindu huubomoa ukuta huo, huumenya kama ganda la ndizi, na kwamba maji meupe kama ya kuoshea mchele yamtokayo mgonjwa yamechanganyika na vipande vyake. Waliochungulia matumbo ya maiti ndivyo walivyoona. Hawakufikiri kwamba utumbo wa maiti huharibika wenyewe upesi baada ya kufa. Ndipo ugonjwa ulipozuka Bangkok, nchi ya Thailand, mwishoni mwa miaka ya 1950, Mmarekani Eugene Gangarosa akawanywesha wagonjwa walio hai mrija mwembamba wenye kisu kidogo mwishoni, akatoa kwa kila mmoja kipande cha ngozi ya utumbo, akakitazama kwa hadubini. Kumbe, ukuta ulikuwa mzima! Hakuna kumenyeka, wala uvimbe wa kusema.

Mwaka 1959, mbali na pale, katika mji wa Calcutta huko India, mganga mmoja mwenye vyombo vichache, Sambhu Nath De, alikuwa ameonyesha sababu yake. Alichuja maji waliyokuzwa vijidudu vya kipindupindu hata pasibaki kijidudu hata kimoja, akayatia katika utumbo wa sungura. Utumbo ukajaa maji vile vile. Maana yake, kijidudu hakiumi wala hakipenyi. Kinakaa juu ya ukuta na kutema sumu, na sumu hiyo hufungua milango ya maji. Utumbo usiokuwa na kidonda humwaga maji ya mwili nje, hata lita moja kwa saa, mpaka macho yadidimie na mapigo ya moyo yapotee mkononi.

Hapo twapenda kutulia kidogo, kwa kuwa jambo hili limeokoa watu wengi mno. Kama ukuta ni mzima, basi bado unaweza kunyonya. Wataalamu waligundua katika miaka ya 1960 kwamba sukari ya glukosi na chumvi huingia mwilini zikishikana mikono kupitia mlango wao wa pekee, na mlango huo haufungwi na sumu ya kipindupindu. Palipopita chumvi na sukari, maji hufuata. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojazana Bangaon, mpakani mwa India, Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na chupa za maji ya kutundika mshipani. Aliamuru chumvi na sukari zipimwe, ziyeyushwe katika mapipa, jamaa za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4.

Kipimo cha nyumbani chajulikana, lakini twakirudia: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Si zaidi, kwa maana chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Pakiti za dawa zitolewazo zahanati ni bora kuliko hayo. Ampe mtoto kidogo kidogo hata akitapika, huku njia ya kwenda hospitali ikitafutwa.

Sasa turudi Goma. Kati ya waliofika mwaka 1994 kusaidia walikuwamo waganga kutoka Bangladesh, watu waliozoea kipindupindu kama mvuvi alivyozoea maji. Walichoandika mwaka uliofuata ni kizito kusomwa. Wengi walikufa wakiwa wamekwisha kufikishwa penye matibabu, kwa sababu maji yalirudishwa mwilini polepole mno, maji yaliyotundikwa mengine hayakuwa ya namna iliyofaa, ya kunywa hayakutumiwa vya kutosha, na wahudumu wengi hawakuwa na mazoea ya ugonjwa huo. Moyo wa kusaidia ulikuwako, wala hatutaki kumlaumu mtu aliyetoka kwao akaja kufanya kazi mchana na usiku kati ya maiti. Twasema tu kwamba elimu ya ukuta usio na kidonda ilikuwa imekwisha kupatikana, nayo haikufika kwa haraka kama vijidudu. Mahali ambapo wagonjwa wanapata maji yao upesi na kwa kiasi kinachopasa, hafi hata mmoja katika mia.

PALE WALINZI WANAPOCHOMA NYUMBA

Kuhara damu kwa Agosti kulikuwa ni kazi ya kijidudu kingine, kile alichokigundua Mjapani Kiyoshi Shiga katika mwaka 1897. Hiki hakikai nje na kutema mate. Huingia ndani ya chembe za utumbo mpana, hupita kutoka moja hadi nyingine kama mwizi apitaye katika nyumba zilizopangana. Na tena hakihitaji jeshi kubwa: vijidudu chini ya mia vyatosha kumwuguza mtu, hata mkono usionawa waweza kuvibeba, ambapo kipindupindu kwa kawaida huhitaji vingi mno.

Mwili ukivitambua hupiga mbiu. Chembe nyeupe za damu hukimbilia mahali pale, mishipa hupanuka, ngozi ya utumbo huvimba, huwa nyekundu na yenye moto. Hali hiyo ndiyo wataalamu waiitayo mchochota. Ni silaha ya mwili, na bila yake tungalikufa kwa mwiba wa mguuni. Lakini ndani ya ukuta wa safu moja silaha hii ni ya kuogopwa: chembe nyeupe zikija kwa wingi hupasua njia kati ya chembe za ukuta, humwaga dawa zao kali, na adui hupita katika matundu yale yale. Damu na usaha vimtokavyo mgonjwa si kazi ya kijidudu peke yake. Nusu yake ni kazi ya walinzi waliochoma nyumba wakimtafuta mwizi. Kwa hiyo maji ya chumvi na sukari peke yake hayatoshi hapa. Yapasa mgonjwa apate dawa ya kuua kijidudu, iliyochaguliwa na mganga, maana kijidudu cha Shiga kilichoenea Afrika ya Kati tangu 1979 kilikuwa kimekwisha kuzizoea dawa nyingi, na katika makambi ya Goma jambo hilo liliwatesa sana waganga. Mama aonaye damu katika choo cha mtoto asinunue vidonge vya kufunga tumbo sokoni. Kufunga tumbo ni kumfungia adui ndani.

Sasa yamkini msomaji atauliza: je, utumbo hauna walinzi wa namna nyingine, wawezao kumkamata adui bila kuwasha moto? Wako.

Katika mwaka 1677 Mswisi Johann Conrad Peyer aliandika juu ya mabaka aliyoyaona katika utumbo mwembamba, na kwa karne tatu hakuna aliyejua vema kazi yake. Leo twajua kwamba ni shule za askari. Huko chembe za kinga huonyeshwa vijidudu vilivyoingia kwa kinywa, hujifunza sura yake, kisha husafiri kwa njia ya matezi na damu, na hatimaye hurudi nyumbani, katika ukuta wa utumbo. Wakisha kurudi hutengeneza kingamwili ya namna ya pekee, ambayo katika miaka ya 1960 Mmarekani Thomas Tomasi alionyesha kuwa hutolewa nje, katika mate, machozi, maziwa na ute wa utumbo. Kingamwili hii hukaa juu ya ukuta, katika ute, humshika adui na kumfunga kabla hajagusa chembe. Haiiti chembe nyeupe, haiwashi moto. Adui aliyefungwa hivyo hutoka na choo.

Ndiyo jibu la swali la pili. Sindano mkononi huwafundisha askari wa damu, nao wengi hawaendi kulinda utumbo. Chanjo ya sindano ya kipindupindu ilitumika kwa miaka mingi, na wasafiri walidaiwa cheti chake mipakani. Lakini majaribio ya miaka ya 1960 huko Asia yalionyesha kwamba ilikinga kwa kiasi kidogo na kwa miezi michache tu. Mwaka 1973 mkutano mkuu wa afya wa mataifa ukaondoa sharti la cheti. Askari wa utumbo hufundishwa utumboni.

Aliyelishika jambo hili kwa bidii kuliko wengine ni Mswidi, Jan Holmgren, mganga na mtafiti wa mji wa Göteborg. Mnamo 1973 yeye na wenzake walitambua mahali katika chembe ya utumbo ambapo sumu ya kipindupindu hushika. Sumu hiyo ina sehemu mbili, mfano wa mkuki: mpini ushikao na ncha idhuruyo. Mpini peke yake hauna madhara. Basi Holmgren na mwenzake Ann-Mari Svennerholm waliuchanganya mpini huo na vijidudu vilivyouawa, wakapata chanjo ya kunywa. Mwaka 1985 ilijaribiwa Matlab, nchi ya Bangladesh, kwa wanawake na watoto wengi sana. Katika miezi sita ya kwanza ilikinga watu 85 katika kila 100 ambao wangaliugua. Baada ya miaka mitatu wastani wake ulikuwa kama nusu. Watoto wadogo walikingwa kwa muda mfupi kuliko watu wazima. Msomaji alishike neno hilo.

Wavietnamu nao, chini ya Profesa Dang Duc Trach, walitengeneza chanjo nyepesi isiyo na mpini, kwa bei ambayo nchi maskini yaweza kuilipa, na kutokana nayo ilitoka ile iliyoanza kutengenezwa India mwaka 2009. Katika Afrika Mashariki, wakimbizi wa Sudan waliokaa Adjumani, Uganda, walinyweshwa chanjo ya kiswidi mwaka 1997. Unguja na Pemba watu walinyweshwa mwaka 2009, na watafiti, akiwamo Mzanzibari Ahmed Khatib, waliona kwamba dozi mbili zilikinga kwa kadiri ya 79 katika 100, na hata majirani wasiokunywa walinufaika, kwa sababu vijidudu vilipungua mtaani.

Kwa Goma ilichelewa. Mwaka 1994 chanjo ilikuwa imekwisha kuwako, lakini hapakuwa na akiba ya dunia, na dozi mbili kwa umati unaotembea zilionekana ni ndoto. Akiba hiyo ilianzishwa mwaka 2013. Mwezi wa Mei 2019 ndipo ilipofanyika kampeni kubwa katika Goma na kandokando yake, ikiwakusudia watu zaidi ya 800,000. Nyumba kwa nyumba, chupa ndogo, mdomo wazi, basi.

KWA NINI NUSU TU?

Watu waliofikiri kwamba kazi imekwisha walikosea. Vita vilipowatoa watu wa Rutshuru na Masisi katika makwao, makambi yalijaa tena kuzunguka Goma, na katika miezi saba ya kwanza ya mwaka 2023 Kivu Kaskazini ilihesabu wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 21,000, na zaidi ya 8,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Tena chanjo yenyewe ilikuwa imeadimika duniani. Tangu Oktoba 1922 lisidhaniwe: twasema Oktoba 2022, juzi tu, iliamuliwa kwamba penye mlipuko kila mtu apewe dozi moja badala ya mbili, ili wengi wapate.

Je, dozi moja yafaa nini? Swali hilo lilijibiwa na watu wa Kivu. Daktari Espoir Bwenge Malembaka, wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, pamoja na wenzake wa Kongo, Marekani na Uingereza, walifuata habari za mji wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako chanjo ilitolewa mwaka 2020 na wengi wakapata dozi moja tu. Walilinganisha wagonjwa waliothibitishwa kwa vipimo na majirani wao wazima, wakiuliza nani alikunywa na nani hakunywa. Matokeo yalitolewa mwaka 2024. Baada ya mwaka mmoja na zaidi, dozi moja ilikuwa bado inakinga kwa kadiri ya nusu. Baada ya miaka miwili hadi mitatu, chini kidogo ya nusu. Nasi twasema bila kuficha kwamba nusu hiyo ilitufurahisha, kwa maana wengi walitazamia kwamba dozi moja ingekwisha nguvu upesi. Lakini kwa watoto wadogo kinga ilionekana kuwa dhaifu kuliko kwa wakubwa, kama kule Matlab.

Sababu moja ni dhahiri. Mtu mzima wa Uvira au wa Goma ameshakutana na kijidudu mara nyingi katika maisha yake; askari wake wamekwenda shule zamani, na chanjo huwakumbusha tu. Mtoto huanza mwanzo.

Sababu ya pili ni ya kuhuzunisha zaidi, na uchunguzi wake ungali unaendelea. Mtoto alelewaye penye maji machafu, atambaaye penye mavi ya kuku, humeza vijidudu kila siku pasipo kuugua waziwazi. Utumbo wake huwaka polepole, kama kaa chini ya majivu. Mchochota wake haumlazi kitandani. Lakini vile vidole vya utumbo hufupika na kuwa butu, chakula hakinyonywi vema, na ukuta huvuja. Nchini Gambia, Peter Lunn na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba udhaifu huo wa utumbo waweza kueleza karibu sehemu 43 katika 100 za kudumaa kwa watoto waliowapima. Mjini Lusaka, Paul Kelly amekuwa akichunguza hali hiyo kwa miaka mingi, na kuiona hata kwa watu wazima wengi waliojidhani kuwa wazima kabisa. Wataalamu wanashuku kwamba utumbo wenye moto wa daima haumsikilizi mwalimu mpya vizuri, na kwamba ndiyo sababu mojawapo chanjo za kunywa huwa dhaifu katika nchi maskini. Hivyo yule mtoto ahitajiye chanjo kuliko wote, utumbo wake huipokea vibaya kuliko wote.

Na jibu la swali la kwanza? Katika nyumba moja, mmoja amekunywa vijidudu vingi, mwingine vichache. Mmoja ana uchachu wa kutosha tumboni wa kuviua njiani. Mmoja ana damu ya kundi O, ambalo kwa sababu isiyojulikana vema huugua kipindupindu kwa ukali zaidi. Na mmoja askari wake wamekwisha kufundishwa. Hakuna hapa urogi wa jirani wala laana ya shangazi. Tumesikia watu wakigombana makaburini kwa ajili hiyo, na vijidudu havikuwa na habari.

Kuhusu maji, hapana chanjo ya kuyasafisha. Profesa Didier Bompangue wa Chuo Kikuu cha Kinshasa alionyesha pamoja na wenzake mwaka 2008 kwamba katika Kongo miji ya kando ya maziwa ya mashariki ndiyo makao ambamo kipindupindu hukaa na kutoka kwenda kwingine. Goma ni mmoja wa miji hiyo. Mabomba yakikauka, bidoni hurudi ziwani.

Lipo kundi moja ambalo hatujalitaja. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hapewi chanjo hii. Lakini baadhi ya askari waliofundishwa katika utumbo wa mama, safarini mwao, huenda kukaa katika maziwa yake, na huko hutengeneza kingamwili ile ile isiyowasha moto. Mwaka 1983 Roger Glass, pamoja na Svennerholm, Holmgren na wengine, walitoa habari ya wanawake wa Bangladesh ambao nyumba zao ziliingiwa na kipindupindu. Walipima maziwa yao. Kijidudu kiliingia katika matumbo ya watoto wanyonyao sawasawa, maziwa yawe na kingamwili nyingi au chache. Ila wale ambao mama zao walikuwa na nyingi, wengi wao hawakuugua. Kwa hiyo wauguzi humwambia mama mwenye mtoto aharaye: mama, usimwachishe. Mnyonyeshe mara nyingi kuliko jana, mpe na maji ya chumvi na sukari kati ya kunyonya na kunyonya, na akipewa vidonge vya zinki zahanati, avimalize siku zote alizoambiwa, 10 hata 14, ingawa choo kimekwisha kuwa kigumu.